Sikio la Pili la Beseni

Fundi Cherehani alikuwa amepiga magoti sakafuni, utepe wa kupimia umemzunguka kiuno mke wa muuza magodoro, pini kazibana kwa midomo, alipoinua macho asome namba akakiona kioo. Kilikuwa kile kioo kikubwa cha kinyozi wa mlango wa pili. Asubuhi hiyohiyo kilikuwa kimehamishwa kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa baraza, na sasa kilitazama moja kwa moja ndani ya duka lake. Katika kioo walikuwamo wanaume watatu wenye povu mashavuni, wamekaa kwenye benchi, wanafuatilia kile kipimo kwa utulivu wa watu wanaosikiliza taarifa ya habari.

Akazitemea pini kiganjani. "Shemeji!"

Kinyozi akachungulia, wembe mkononi. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono mipole na kichwa kigumu. Tangu msiba ule walikuwa wakigawana baraza moja, paa moja na sufuria moja ya jioni. Fundi alipika, kinyozi aliosha vyombo, na wote wawili walilalamika.

"Hicho kioo kimefuata nini huku nje?"

"Kimefuata mwanga, shemeji. Mle ndani giza, iko siku nitamkata mtu koo."

"Wateja wako wanahesabu nyama za wateja wangu!"

"Nani anahesabu? Kila mtu anaangalia ndevu zake."

Mke wa muuza magodoro akasema yeye hana kinyongo, ila angependa kujua hesabu imefika wapi. Wale watatu wakaangalia dari.

Vikombe viwili vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hivi viwili havikuwa vya udongo laini. Fundi akasema marehemu asingethubutu kumfanyia mambo kama hayo. Kinyozi akajibu kwamba marehemu alitangulia kaburini ili apate kupumzika na hilo domo. Baraza zima likasema "Aa!", na Mkunga mstaafu, aliyekuwa akipita na kikapu chake, akasimama akasema neno moja.

"Beseni."

Hapa inafaa ielezwe kidogo. Mtaa ule hauiti polisi. Si kwa ukaidi, kwani waliwahi kuita. Muuza mkaa aliibiwa baiskeli, akaenda kituoni kuripoti, akarudi siku kadhaa baadaye bila viatu, na njiani akapishana na baiskeli yake inaendeshwa na koplo. Baada ya visa vya namna hiyo, watu wa mtaa walikubaliana kwamba ugomvi wao ni mali yao na watautunza wenyewe. Wakatafuta beseni la bati, pana, zito, lenye masikio mawili ya chuma ya kushikia. Waliogombana hulijaza maji kwenye bomba lililo chini kabisa ya mtaa, kila mmoja akashika sikio lake, wakapanda nalo mlima hadi kwenye pipa la lango la shule, ambako watoto hunawa mikono. Kutoka bombani hadi kona ya mashine ya kusaga wanaruhusiwa kutukanana wapendavyo. Wakishapita kona, kila mmoja anaruhusiwa kusema jambo moja tu, na liwe lile analolitaka, si lile alilotendewa. Maji yakimwagika sana, wanarudi kuanza upya. Na beseni haliwekwi chini mpaka lifike pipani.

Wezi walikuwa wamelibeba pamoja na walioibiwa, wake pamoja na waume, wakwe pamoja na wakamwana. Mkunga hutembea nyuma kusikiliza. Wengi hufika juu wakihema hata wamesahau nusu ya waliyokuja nayo. Walikuwapo pia waliofika na hasira zao nzima, lakini hata maji yao watoto wa shule waliyanawa bila ubaguzi.

Basi Fundi na kinyozi wakateremka bombani. Karani wa posta, mmoja wa wale watatu wenye povu, aliachwa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa na la pili bado, akaambiwa asiguse kitu. Akaona uvivu kukaa peke yake, akawafuata na taulo lake shingoni. Wengine nao wakafuata, kwa kuwa ugomvi wa hawa wawili ulikuwa na sifa zake, na aliyekosa kuusikia angesimuliwa na watu wanaotia chumvi.

Waliifikia kona sauti zikiwa zimefika kileleni. Mtu anayelijua beseni huyaweka akiba matusi yake mazuri, akayatoa kwa mpigo hatua chache kabla ya kona, maana baada ya hapo hayana kazi. Kosa lao lilikuwa hilo tu. Kwa sababu gari la polisi lilitokeza hapohapo, na ndani yake mlikuwa na sajini aliyehamia eneo lile karibuni, akaona mwanamume anamfokea mwanamke, mwanamke anamfokea mwanamume, na nyuma yao umati unacheka.

"Wewe mrefu! Panda gari."

"Afande, acha nipite kona kwanza," kinyozi akasema. "Nina jambo moja la kusema."

"Utalisemea kituoni."

"Afande, huyu ni shemeji yangu," Fundi akasema. "Tunagombana tu."

"Ndiyo maana tumekuja kukuokoa, mama."

"Sijaomba kuokolewa."

Sajini akasema watu wengi hawajui kuomba. Wakamtia kinyozi pingu, mikono yote miwili mgongoni, wakamkalisha nyuma ya gari kati ya askari wawili, gari likageuza likashuka. Kinyozi alikuwa bado akitazama beseni.

Fundi akasubiri uzito umjie mkononi. Haukumjia. Beseni lilikuwa palepale, usawa, maji yametulia, na sikio la pili limeinuka hewani bila mkono. Mkunga akasogea, akapitisha kiganja chini yake, akapitisha na juu yake, kama alivyozoea kupima matumbo ya wajawazito.

"Shemeji yako hajaachia," akasema. "Na wewe usiachie."

Mnoa visu akauliza kama kanuni inaruhusu. Mkunga akasema kanuni inataka kila sikio liwe na mtu wake, haikusema lazima mtu huyo awe karibu. Wakaliona hilo ni jibu, wakateremka wote na beseni lao kuelekea kituoni.

Kaunta ya kituo ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi mpya ambayo haijakauka vizuri. Askari wa zamu aliwaambia wasiegemee.

"Tumemfuata kinyozi," Fundi akasema.

"Kinyozi yupi?"

"Mliyemchukua sasa hivi kwenye kona."

Askari akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akarudi akifuta mdomo. "Hayupo."

"Hayupo vipi, na gari lenyewe hilo hapo nje, injini bado ya moto?"

"Hapa hajaletwa mtu wa namna hiyo."

Wakati huohuo beseni likatikisika. Kiduara kidogo kikatoka upande wa pili, kikapita juu ya maji, kikagonga bati upande wa Fundi, kama vile aliyeshika kule amejikwaa au amesukumwa.

"Sasa huku ameshika nani?" Fundi akauliza.

Askari akachungulia juu ya kaunta. Aliliangalia lile sikio muda wa kutosha. "Huko hakuna mtu," akasema.

"Ndiyo nakuuliza."

"Mama, beseni lisikae mlangoni. Linaziba njia."

Fundi akarudi nyumbani na mzigo wake. Akalifunga sikio lake begani kwa mkanda wa kitambaa, ili mikono ibaki huru, akaketi kwenye cherehani akamaliza gauni la mke wa muuza magodoro, beseni likielea ubavuni. Usiku alilitundika sikio hilo kwenye ndoano ya dirisha, baada ya Mkunga kuamua kwamba ndoano si chini. Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi, lakini Fundi hakuuona hivyo. Kila alipovuta shuka alikumbuka kwamba shemeji yake hakuwa na ndoano. Alimwogopea sana. Katika watu wote waliomjua mumewe, huyu ndiye pekee aliyebaki wa kugombana naye.

Akajifunza kulisoma beseni. Alfajiri sikio la pili lilipanda kidogo, kinyozi ameamka. Mchana lilitulia. Kuna saa maji yalitetemeka bila sababu, yakatetemeka kwa muda mrefu, na saa hizo Fundi aliacha kushona, akatia kiganja majini na kukiacha humo mpaka yatulie. Kila siku alikwenda kaunta akauliza. Kila siku akaambiwa hayupo, na alirudi akijua kwa hakika kwamba yupo, amesimama, na amechoka.

"Lisemwalo lipo," Mkunga akasema. "Na wanalokana kila siku kwa bidii namna hiyo, lipo zaidi. Twendeni tukakae."

Hakuna aliyepiga mbiu. Fundi alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akaishusha ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la kituo, akaendelea na kazi. Mnoa visu akaja na gurudumu lake. Muuza magodoro akaja na magodoro, kwa hiyo yakawa maandamano ya kukaa yenye starehe kuliko ilivyo desturi. Karani wa posta alikuja kila alipotoka kazini. Alikuwa amekataa kumaliziwa ndevu na kinyozi mwingine, akisema mtu hachezewi na mafundi wawili kwa shavu moja, na watu walishaanza kumwita Nusu. Meneja wake wa posta alimwomba awe anakaa dirishani kwa ubavu, upande ulionyolewa. Muuza mkaa alipoliona hilo, akaenda nyumbani, akanyoa nusu. Kabla ya juma kwisha, nusu ya wanaume wa mtaa walikuwa na nusu ya ndevu, na wake zao wakawa wanachagua upande wa kutembea.

Mkunga aliweka masharti. Hakuna jiwe, hakuna tusi, hakuna kuziba lango.

"Matusi mnajua mahali pake," akasema. "Ni chini ya kona. Hapa tuhesabu tumeshapita kona."

Kwa hiyo kila aliyefika alisema jambo moja tu, lile alilolitaka, na wote walilitaka lilelile. Tunamtaka kinyozi. Walilisema kwa zamu, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaoagiza chai, kisha wakaendelea na kazi zao. Wapita njia walidhani soko limehamishwa, na wachache wakanoa visu.

Mkuu wa kituo akatoka kuwaona. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alivuka barabara kwa kuangalia kulia na kushoto.

"Huu ni mkusanyiko usio na kibali," akasema.

"Huu ni ugomvi, baba," Mkunga akamjibu. "Ugomvi wa watu wawili. Sisi wengine ni wasindikizaji."

"Wawili gani? Namwona mmoja."

"Wa pili unaye wewe."

"Sina."

"Basi tutasubiri apatikane. Wakimaliza, tunaondoka."

Mkuu akalitazama beseni. Akasema analichukua kama kielelezo, akaita askari wanne. Wawili walilishika lile sikio la pili wakavuta chini, halikushuka. Wakaja wengine wawili, wakalining'inia wote wanne, buti zao zikawa zinaitafuta lami bila kuifikia. Tone halikumwagika. Askari mmoja akasema siku hizi hawatengenezi tena vitu imara hivi.

"Shukeni, jamani," Fundi akawaambia. "Mnamchosha mwenzenu."

Mkuu akafikiri. Kulichukua beseni kulimlazimu kumtaja aliyelishika, na aliyelishika hayupo. Akawaamuru askari washuke. "Liacheni," akasema. "Ni upepo tu." Akavuka tena barabara kwa kuangalia kulia na kushoto.

Siku zikaenda. Askari wakawazoea waandamanaji, na waandamanaji wakawazoea askari. Hata hivyo, ndevu za askari zilianza kupotea njia, kwa kuwa kinyozi wao naye alikuwa yuleyule. Kisha siku moja askari wawili wa lindo, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakagombana pale langoni. Mrefu alimwazima mfupi koti la mvua, koti likarudi na mfuko uliochanika. Wakaitana majina, wakashikana kola, na mfupi akawa ameshaliinua rungu lake mtaa mzima ukitazama.

"Beseni lina watu," Mkunga akawaambia kutoka kwenye godoro lake. "Chukueni dumu."

Wakatazamana. Hawakuwa na mpango mwingine. Wakajaza dumu bombani, wakapitisha rungu kwenye mpini wake, kila mmoja akashika ncha yake, wakaanza kupanda. Hadi kwenye kona walisikika mtaa mzima, na mengi waliyosema yalimhusu mkuu wa kituo. Walirudi wakicheka, mfupi amevaa kofia ya mrefu. Kilichobaki ni mfuko. Fundi akalipokea lile koti, akaanza kuushona.

Mfupi akabaki kusubiri. Fundi akamuuliza bila kuinua uso. "Mwanangu, yumo?"

"Mimi sijui kitu, mama. Hayupo." Akatazama buti zake. "Ila anauliza sana kama maji yamemwagika."

Sindano ikasimama. "Mwambie hata tone."

"Nimwambie nani, na hayupo?" Akalichukua koti, akavuta vuta ule mfuko kuona kama umeshika. "Nitamwambia."

Asubuhi yake sikio la pili lilipanda juu kuliko siku zote, likakaa hapo kwa madaha, hata Fundi akalazimika kuketi juu ya mito miwili ili maji yasimwelemee yeye. Alimtukana shemeji yake kidogo, kwa furaha, na Mkunga akajifanya hakusikia.

Halafu ikaja alasiri moja ya joto kali. Fundi alikuwa akikunja pindo la suruali alipohisi maji yanahama. Sikio la pili lilikuwa linashuka. Halikuanguka. Lilishuka kidogo, likapanda, likashuka zaidi, na maji yakaanza kulamba ukingo wa bati.

"Shemeji," akasema. "Shemeji, usinifanyie hivyo."

Mnoa visu ndiye aliyetangulia kutia kiganja chini. Kisha Nusu, kisha muuza mkaa, kisha mke wa muuza magodoro, wakajipanga kulizunguka beseni upande ule, kila mmoja amebeba kiasi alichoweza. Lilikuwa zito kama mtu mzima. Hakuna aliyesema kilichokuwa kikitendeka ndani ya kile kituo, kwa kuwa wote walikuwa wameshika uzito wake. Walipochoka walipokezana. Askari mrefu alikuwa langoni akiwatazama. Akaangalia nyuma yake, akavua kofia, akavuka, akatia mkono mmoja. Alisema ana muda mfupi tu kabla ya zamu kwisha, na zamu ilipokwisha bado alikuwapo.

Mkunga alivuka peke yake akasimama langoni. "Mnaye mtu humo, na amechoka," akasema. "Mpeni pa kukaa."

Mkuu wa kituo akamjibu kutoka dirishani kwa ile sauti yake laini. "Hayupo, mama."

Fundi alilisikia. Na ndipo alipokumbuka kwamba ameketi pale siku zote hizo, wakati kwa hesabu ya Mkunga yeye na shemeji yake walikuwa wameshapita kona, na hata mmoja hajalisema jambo lake la ugomvi ule.

"Shemeji," akasema. Hakupaza sauti, kwa sababu mtu aliyeshika upande wa pili wa beseni hawi mbali. "Kioo kaa nacho. Ninachokitaka ni pazia. Pazia kati ya kioo chako na mlango wangu. Nitalishona mimi, ulitundike wewe. Mimi sifiki."

Kisha lile sikio likaanza kuinuka, polepole, likatoka kwenye viganja vya watu kimoja kimoja, hadi likakaa usawa na la Fundi. Halafu likavuta. Halikuvuta kuelekea kituoni. Lilivuta kuelekea mlimani. Kinyozi naye alikuwa na jambo lake moja, na jambo lake lilikuwa kufika.

Wakapanda. Mtaa wote ulipanda nyuma yao, nusu ndevu na magodoro vichwani, mnoa visu akilisukuma gurudumu lake, wakiimba wimbo ambao kila mtu aliujua kiitikio tu. Askari mrefu alitembea kando ya barabara akiyazuia magari, bila kutumwa na mtu. Walipita kona. Fundi alihema, na alisikia kwamba upande wa pili nao unahema, maana beseni lilipanda na kushuka kwa pumzi mbili zisizolingana. Langoni pa shule wakasimama mbele ya pipa. Fundi akainamisha upande wake, upande wa pili ukainama sawia, na maji yote yakaingia pipani. Watu wakashangilia. Mkunga akajifuta macho, akasema ni vumbi.

Kanuni inasema maji yakishamiminwa, wote wawili huliweka beseni chini kwa pamoja, wakapeana mikono, ugomvi ukafa. Fundi akaanza kuinama. Na lile sikio la pili nalo likaanza kushuka, taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyotua mzigo amefika nyumbani.

Shangwe zikapungua, zikaisha. Fundi alielewa kabla ya wengine. Kule chini walisema hayupo, walikuwa wamesema hivyo jana, na kesho wangesema hivyohivyo. Beseni hili likigusa ardhi litakuwa beseni la bati, na hakutakuwa tena na kitu chochote duniani kinachosema yupo.

Lilikuwa limebakiza shubiri moja. Fundi akalinyanyua sikio lake kwa nguvu zake zote.

"Unakwenda wapi?" akapaza sauti, hata ndege wakaruka kwenye paa la shule. "Nani amekwambia tumemaliza?"

Sikio la pili likasita.

"Na nywele je? Nywele unazofagia kila jioni, zikapeperukia dukani kwangu, zikaganda kwenye gauni la bibi harusi, binti wa watu akaenda kuolewa na ndevu za seremala mgongoni! Hizo tumezisemea wapi, shemeji? Eh? Tunarudi bombani!"

Mkunga akasema huo ni ugomvi halali.

Sikio la pili likapanda. Lilipanda likapita la Fundi, likakaa juu kama linavyokaa bega la mtu mrefu anayejiandaa kubisha. Wakaligeuza beseni tupu, wakaanza kuteremka nalo, na mtaa ukageuka pamoja nao. Matusi huruhusiwa kuanzia bombani, lakini Fundi alianza papo hapo langoni pa shule, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemkataza. Alikuwa na matusi ya kumtosha hadi mvua zijazo, na yakimwishia, mtaa mzima ungemwazima.